Maji Niliyommwagia Babu

Hombolo,
14 Juni

Dada yangu mpendwa Sidonia,

Shikamoo dada. Hapo Zuzu mnaendeleaje? Kikohozi cha mama kimetulia? Sisi huku ni wazima, na mimi nina raha mpaka naona aibu kuiandika. Mume wangu Niko akirudi kutoka shamba la zabibu hukaa jikoni kunitazama nikisonga ugali. Huu ni mwezi wa pili wa ndoa, na moyo bado unanidunda nikisikia baiskeli yake!

Ila tumepata msiba. Babu yake Niko, Mzee Malogo, alifariki Jumanne. Ndiye yule aliyekataa kuingia kanisani siku ya harusi yetu, akatusubiri nje na fimbo yake. Kwa utani wa babu na mjukuu aliniita mke mdogo, akimtishia Niko kwamba atamnyang'anya.

Amezikwa Kikristo. Mimi ndiye niliyembatiza, dada, kama ulivyotufundisha, kwamba mtu akiwa katika hatari ya kufa na padre yuko mbali, yeyote anaweza. Wenzangu walikuwa wamekwenda kutafuta gari. Msibani maneno hayakuisha. Shangazi Anna, binti yake, alisema mzee aliogopa moto tu. Jirani yetu Petro akacheka kwamba alitamani kuimbiwa na kwaya. Katekista aliniita kando, akaniuliza kama babu alikiri imani au aliendeleza utani wake nami, maana bila kukiri asingelazwa kwenye makaburi ya kanisa. Nikasema alikiri.

Hakukiri, dada. Aliniambia yeye na Mungu wetu hawajawahi kuzungumza, wala hana la kumwomba. Lakini mkewe, bibi Loisi, aliyebatizwa peke yake, amelala makaburini kule miaka tisa, na yeye mzee hajazoea kulala mbali naye. Akaomba nimmwagie maji upesi, amfuate. Hakuwa akitania, alikuwa analia. Nikamfikiria Niko, nikachukua kikombe.

Sijamwambia mtu, hata Niko. Nijibu kama mwalimu wa dini, usinionee huruma: ubatizo ule ulishika? Ukisema haukushika, nitakwenda kwa padre kuungama uongo niliomwambia katekista. Yale maji siyaungami.

Mbusu mama kwa niaba yangu, na shemeji Yohane mpe salamu zetu. Niko anakuamkia.

Mdogo wako akupendaye,
Gladness