Mbuzi wa Boazi

Iyula, 3 Februari 1946

Mdogo wangu Ketrina, huko ng'ambo ya mpaka,

Huku tu wazima, na kahawa imezaa mpaka matawi yanalala. Sasa kaa chini nikuambie: mwanetu Boazi yu hai! Yuko Dar es Salaam, anasubiri gari la kumleta. Mjapani amepigwa, na Iyula nzima mama wa aliyempiga ni mimi.

Lakini kuna jambo la mbuzi. Unamkumbuka yule mtoto wa mbuzi, mweusi, ambaye Boazi aliniachia alipoingia keya, jeshi la Mwingereza? "Mama, huyu mtamchinja siku nitakayorudi." Mwaka jana mwezi wa tano kengele ya kanisa ikalia: Mjerumani ameanguka, vita vimekwisha! Nikamchinja palepale, nikalisha kijiji kizima. Mwinjilisti Nathanaeli, nyama ingali mdomoni, akaniambia, "Mama Boazi, mwanao yuko Burma. Kule Mjapani bado anapigana."

Ketrina, kamba ya mbuzi ilibaki kwenye kigingi, sikuweza kuifungua. Niliona kama nimekula kurudi kwake. Agosti Mjapani naye aliposalimu amri, wenzangu walicheza. Mimi nilikaa nikingoja jina la mwanangu kati ya wanaorudi. Limefika juzi, na jana nimecheza peke yangu mpaka kuku wakakimbia.

Basi njoo upesi, uniletee dume jeusi la mbuzi, hata likiwa dogo. Boazi akiuliza mbona mbuzi wake hajakua, tutamwambia wakati wa vita hata majani yaliadimika.

Dada yako, mama wa askari,
Ferista