Magunia Manne ya Udongo wa Wanale

Jumatatu, 20 Julai

Nimechekecha udongo wa Budondo tangu asubuhi. Pua imeziba. Kucha nyekundu, hijabu imeshika rangi ya matofali. Saa nne nikakimbilia kazini, bosi kanuna. Nikamwambia boda ziliadimika. Boda hazijawahi kuadimika Jinja, naye anajua.

Nambozo alikuwa maabara kabla yangu. Kama kawaida. Koti lake jeupe limepigwa pasi. Nani hupiga pasi koti la kuchezea udongo?

Tuna msimamizi mmoja, Dokta Mugoya. Sote wawili tunasoma uzamili wa uhandisi wa ujenzi, sote tunapima udongo. Mimi napima wa barabara ya Budondo. Yeye anapima wa mteremko wa Wanale, kwao Mbale, ule unaoporomoka mvua ikizidi. Ana miaka ishirini na sita. Mimi thelathini na saba. Yeye ameanza mwaka jana. Mimi nimekaa hapa mpaka walinzi wapya wanadhani mimi ni mwalimu.

Jumatano, 22 Julai

Ofisi ya uzamili imetuma masharti kwa barua pepe. Herufi nzito, kana kwamba sisi ni wafungwa.

Kila mwanafunzi ajisajili kila muhula, hata aliyebaki kuandika tu. Usajili unafungwa Ijumaa, tarehe saba Agosti. Aliyemaliza muda wake hasajiliwi mpaka awe amewasilisha matokeo ya maabara kwenye semina. Matokeo yatoke maabara yetu, si ya mtaani. Nyongeza ya muda ni moja tu kwa kila mwanafunzi, ukishaitumia basi.

Yangu nilishaitumia, mwaka ule Baba alipougua. Kwa hiyo nisipowasilisha, jina linafutwa, na kozi zote nilizofaulu zinakwenda nalo. Nianze upya kama mtoto wa darasa la kwanza. Sitaanza upya. Najijua. Nitaacha, na nitabaki kupakia mabomba ya bosi mpaka nizeeke.

Udongo ninao. Nisichokuwa nacho ni mashine ya kukata udongo, ile inayousukuma mpaka uteleze ndipo ujue una nguvu kiasi gani. Ipo moja. Wiki ijayo ni ya mwisho kabla haijafungwa kwa ukaguzi. Na wiki ijayo, Jumatatu hadi Jumamosi, ni ya Nambozo.

Alhamisi, 23 Julai

Nimekwenda kwa Dokta. Nimejinyenyekeza mpaka nikajichukia. Anasema Nambozo aliomba wiki hiyo tangu Mei, kwa utaratibu. Mei mimi nilikuwa Budondo na mafundi wa bosi tunachimba kisima, tope hadi magotini. Akaniambia nizungumze na Nambozo mwenyewe.

Nimwombe mtoto yule! Afadhali nitafune changarawe.

Niandike wazi, hakuna anayesoma. Namwonea gere. Kwa koti lake. Kwa mfadhili anayemsomesha huku mimi najisomesha. Kwa jinsi Dokta anavyomtania, halafu akinigeukia mimi ananiita "Madam" kama mgeni wa harusi. Hata nyongeza yake bado nzima, haijaguswa. Mwenye nacho huongezewa. Asiye nacho huambiwa afuate utaratibu.

Mchana akanifuata. Amesikia bosi ananituma Mbale Jumamosi na pikapu, kupeleka mabomba. Magunia yake manne ya sampuli yako kwa shangazi yake Wanale. Aliyachimba mwenyewe, yakamshinda kupakia kwenye basi. "Dada Sauda, nisaidie hapo tu, nitashukuru sana." Na lile tabasamu.

Nimekubali. Ningesema nini?

Jioni nimemwambia Mama. Akafurahi. Nambozo aliwahi kuja hapa Walukuba mara moja, akala, akaosha vyombo vyote. Tangu siku hiyo Mama anamwita "yule mtoto wa adabu". Mimi nimeosha vyombo vya nyumba hii miaka thelathini.

Jumamosi, 25 Julai

Naandika hotelini Mbale, mabomba yameshashushwa.

Ni mwaka wa kutahiri. Kila njia njuga na ngoma, vijana wamepakwa unga wa mtama kichwani, nyuma yao kundi linaimba. Pikapu ilisimamishwa na wachezaji mpaka dereva naye akaanza kuimba.

Kwa kina Nambozo kuna kijana anayetahiriwa mwaka huu. Nimewakuta wanawake wa boma wanajiandaa kwa wageni. Shangazi akanipokea vizuri, mulembe, mulembe, salamu yao ya amani, mikono yake myekundu hadi kwenye viwiko. Nikauliza magunia ya Nambozo yako wapi.

Akanionyesha ukuta.

Wameyakandika. Yote manne. Ukuta wa mbele, baraza, na jiko. Kwa desturi yao, boma likiwa na kijana wa kutahiriwa kila mtoto wa ukoo huleta mchango wake. Huyu mtama wa pombe, yule kuku, mwingine sukari. Nambozo alishusha magunia ya udongo safi, bila jiwe hata moja, akasema tu atarudi. Wakajua mchango wake ni huo. Wakamwombea baraka. "Nambozo ameleta, sisi tumepaka," shangazi akasema. "Udongo yake muzuri sana, haipasuki."

Karatasi za namba zilizokuwa kwenye magunia walizichomoa kwa heshima, wakazitia kwenye kikombe juu ya kabati. Waliona ni mambo ya shule.

Kisha shangazi akanitazama usoni. Akauliza kama wamekosea.

Nikamwambia ukuta umependeza.

Wakanipa malewa, yale machipukizi ya mianzi, kwa mchuzi wa karanga. Nikala sana. Nikaongezewa.

Sasa niandike kilichonipata pale. Furaha. Ilianzia tumboni ikapanda, nikaogopa itaonekana. Maana nilishapiga hesabu kabla sijanawa mikono. Nikimpigia Nambozo leo, kesho anapanda basi, anachimba upya, Jumatatu yuko maabara, udongo unaingia kwenye tanuri, katikati ya wiki yuko kwenye mashine. Nisipompigia, atafika Jumatatu mikono mitupu. Na kanuni ya maabara ni kwamba mwenye zamu akikosa sampuli, zamu inakwenda kwa anayefuata. Anayefuata ni mimi.

Simu ninayo. Chaji imejaa. Mtandao upo hadi mlimani.

Sijapiga.

Jumapili, 26 Julai

Nimerudi Walukuba. Sijapiga.

Yeye ana nyongeza. Hatafutwa. Atachelewa muhula mmoja, na muhula mmoja kwa mtu wa miaka ishirini na sita ni nini? Si mimi niliyekandika ukuta. Si mimi niliyeacha sampuli kwenye boma lenye sherehe bila kumwambia mtu ni za nini. Mhandisi gani huyo? Mimi nimetumwa kubeba, hakuna cha kubeba, nimerudi.

Nimejiambia hivyo tangu alfajiri. Inakaribia kuniingia.

Yeye pia hajanipigia. Nilitegemea ataulizia magunia yake. Nimeona ajabu kidogo, kisha nikashukuru.

Mama ameniuliza kama nimemletea mtoto wa watu mzigo wake. Nikamwambia pikapu ilijaa. Akaguna tu, akaendelea na mboga zake.

Jumatatu, 27 Julai

Sitaki kuandika siku hii. Naiandika.

Nilifika mapema na ndoo zangu za Budondo. Zote tayari, zimekauka, zimepimwa. Nambozo alikuwa ameketi kwenye benchi la mlangoni. Bila koti. Nilikuwa nimeandaa uongo wangu njiani, kwamba sikupata nafasi ya kupanda Wanale, kazi zilinizidi. Nikautoa wote. Na nikatia chumvi. Nikasema pole.

Akaniacha nimalize.

Kisha akaniambia, kwa sauti ya chini, kwamba shangazi alimpigia Jumamosi ileile, kabla pikapu haijafika hata barabara ya lami. Shangazi hakutulia. Aliniona nilivyotazama ukuta. Akamweleza Nambozo kila kitu, mpaka malewa niliyoongezewa.

"Mimi nilikuwa nangojea simu yako tu, dada. Jumamosi yote. Nilivaa viatu kabisa. Nilisema akipiga tu naenda kuchimba."

Na bado. Ijumaa, siku moja kabla sijakwenda Mbale, alikuwa ameshaongea na Dokta. Alijua muda wangu umekwisha, watu wa ofisi ya uzamili hawana siri. Alikuwa ameomba wiki igawanywe, siku tatu zake, siku tatu zangu. Alitaka kuniambia nikimletea magunia. Iwe kama zawadi ya njia.

Nikazishusha ndoo zangu chini.

"Chukua wiki yote," akasema. "Dokta anajua. Nimemwambia tu udongo wangu umeharibika. Wewe hii kitu unaitaka kuniliko."

Akatoa ufunguo wa chumba cha mashine mfukoni. Hakunipa mkononi. Akauweka kwenye benchi, akaondoka.

Nimekaa pale mpaka miguu ikafa ganzi. Nimeiba kitu ambacho nilikuwa nimeshapewa. Mwizi mjinga kuliko wote Jinja.

Ijumaa, 31 Julai

Mashine inafanya kazi vizuri. Udongo wa Budondo una nguvu kuliko nilivyodhani. Matokeo mazuri. Michoro imenyooka. Hakuna wa kumwonyesha.

Nilidhani wivu utaniisha sasa. Haujaisha, umehama tu. Koti silitaki tena, wala mfadhili. Sasa namwonea gere kwa kuwa na roho ile. Ningekuwa mimi, ningekuja kwa kina Sauda Walukuba na kelele, mtaa mzima utoke nje. Yeye hakumwambia hata Dokta. Hata kosa langu amelitunza vizuri kuliko mimi nilivyotunza magunia yake. Nani kamwambia awe hivyo? Kwa nini isiwe mimi?

Nimemwandikia ujumbe, nikaufuta. Nikaandika mwingine. "Nisamehe, mdogo wangu." Nikautuma.

Alijibu: "Sawa dada."

Nimeyatazama maneno yale mawili kama mtu anayesubiri yaongezeke.

Alhamisi, 6 Agosti

Semina. Nilivaa gauni la Idi. Wajumbe wa bodi ya masomo mstari wa mbele, wanafunzi nyuma. Kabla sijaanza, Dokta akatangaza mabadiliko ya ratiba. Nambozo hatawasilisha muhula huu, ameomba nyongeza yake na amekubaliwa.

Nyongeza yake. Ile moja. Ile niliyoihesabu nikiwa nakula kwa shangazi yake. Sasa hana nyingine, akipatwa na ugonjwa au msiba atakuwa pale nilipokuwa mimi. Nikafungua michoro yangu.

Niliwasilisha. Mjumbe mmoja alinibana kuhusu maji kwenye sampuli, nikayumba. Nambozo akanyoosha mkono kutoka nyuma, akauliza swali lake. Lilikuwa swali ambalo jibu lake ninalo, na jibu hilo likamjibu mjumbe pia. Nilijibu vizuri. Wakapiga makofi.

Aliondoka kabla ya soda.

Ijumaa, 7 Agosti

Nimesajiliwa. Mwanamke wa ofisi ya uzamili alibofya, akasema, "Haya Madam, umeingia." Basi. Miaka yote ile, mbofyo mmoja.

Mama alipika pilau. Akauliza kwa nini sikumwalika mtoto wa Mbale. Nikamwambia ukweli wote, hapo hapo kwenye mkeka, pilau inapoa. Alinisikiliza. Hakunigombeza. Alichukua sahani yake, akaenda kulia chakula jikoni.

Jumatano, 19 Agosti

Mvua asubuhi, kisha jua. Nilikuwa mlangoni pa maabara nikikung'uta viatu. Boda mbili zikaingia, ya kwanza imembeba Nambozo, ya pili imebeba magunia, yamefungwa kwa mpira, tope linadondoka. Amechimba upya. Peke yake, kutoka juu kabisa ya mteremko, inaonekana, maana gauni lilikuwa limechanika pindoni na mikono ina michubuko.

Akanisalimia vizuri. "Habari ya asubuhi, dada. Mama hajambo?" Nikasema hajambo. Nikasema pole na safari. Akasema ahsante.

Nilikuwa nimesimama hatua chache tu kutoka kwake, mikono haina kitu. Nikasogea. Akanipita kwa macho, akamwita mlinzi wa getini.

"Afande, nisaidie hapa, haya ni mazito."

Mlinzi akaacha redio yake akaja. Wakabeba, gunia moja moja, yeye upande huu, mlinzi upande ule. Niliwashikia mlango mpaka wakamaliza.