Mama, Naolewa kwa Majani

Mama,

Shikamoo. Najua marahaba yako haitanifikia, lakini nisipoanza na hiyo nitajiona nimeingia ndani kwako bila kupiga hodi.

Habari yenyewe ni hii: naolewa. Hamisi, yule fundi baiskeli wa Chiungutwa uliyesema anacheka sana kwa mtu anayetaka mke, ameleta posa na mjomba ameipokea. Ndoa itafungwa huku juu Newala, uani kwako, korosho zikishauzwa. Ungekuwepo ungeshaniambia la kufanya, mimi ningeshabisha, tungenuniana kutwa nzima, kisha mambo yangekwenda. Sasa sina wa kubishana naye. Leo nasema hivi, kesho nasema vile, na kila mtu anayenisikia anadhani nimechanganyikiwa kwa sababu ya kuolewa. Nimechanganyikiwa kweli, ila si kwa sababu hiyo.

Kwenye nyumba yako anakaa mama mdogo Fatu. Ameipaka chokaa mbele, nyuma amesema tusubiri. Maji bado ni yale yale ya kufuata bondeni, bomba linatoa siku linapojisikia. Masasi ndiyo usingeijua. Maduka yamefika mpaka Mkomaindo, karibu na hospitali tuliyokulaza, na ukitaka kitu hukosi, utakosa hela tu. Mifuko ya nailoni imekuwa mingi kuliko vya kutia ndani yake. Imenasa kwenye mikorosho ya kando ya barabara, na upepo ukivuma inapiga kelele hadi inakera.

Yule mbuzi wako mweupe tulimchinja kwenye arobaini yako. Baada ya kukuzika alianza kukonda, tumbo likavimba, hali chochote, anasimama tu karibu na mlango wako. Sote tukasema mbuzi naye amefiwa. Mama mdogo alimwonea huruma mpaka akawa anazungumza naye. Alipochinjwa na kupasuliwa, tumboni likatoka bonge la nailoni, limesokotana na zile karatasi za kumetameta zinazotundikwa kwenye harusi. Watu walicheka, wakasema mbuzi alikuwa amekula duka. Mimi sikuweza kucheka, mama. Karatasi zile ni za aina ninayotundika mimi kila Jumamosi.

Maana kazi yangu bado ni ile ile, napamba kumbi kwa Mama Rehema hapo Masasi. Tunatundika, watu wanakula, wanacheza, kesho yake tunafagia tunachoma nyuma ya ukumbi. Moshi wake unawasha koo. Tangu mbuzi yule nikawa kila nikipanda kwenye kiti kutundika maua ya plastiki najisemea moyoni, hii yangu haitakuwa hivi. Yangu itakuwa nzuri, watu watasema, lakini ikiisha isimwachie mtu uchafu wala isiue mnyama wa mtu.

Nikaanza kuipanga kichwani. Mikeka ya ukindu chini, ile mipana yenye rangi. Vibuyu vimesimamishwa mlangoni, ndani yake maua ya porini na majani mabichi. Chakula kwenye nyungo zilizotandikwa majani ya mgomba ya kutoka bondeni, watu wale kwa makundi kwa mkono, na majani wakimaliza wapewe mbuzi. Nilimweleza Hamisi, akasema yeye anataka mke, mengine pambana mwenyewe. Nilimweleza Mama Rehema, akasema hiyo sasa ndiyo ya kisasa, hata huko Dar wenye nazo wameanza. Akaniomba apige picha awaonyeshe wateja. Nikavimba kichwa, siwezi kukuficha.

Na kuna jambo jingine lililonipa moyo, nalo ni wewe. Unakumbuka tulivyokuwa tukikaa jikoni tunabangua korosho za kula, vidole vyeusi, moshi machoni? Nilikuwa nikikuuliza habari za harusi yako, na siku zote ulijibu neno moja: "Mimi niliolewa kwa majani, mwanangu." Halafu unacheka. Unacheka mpaka unajifuta machozi kwa upindo wa kanga. Mimi nikakua na picha hiyo, mama yangu bibi harusi katikati ya majani mabichi, anacheka. Niliona nikifanya hivyo nitakuwa nimekuweka kwenye harusi yangu ingawa hupo.

Basi nikapanda Newala kuwaeleza. Nilimkuta mama mdogo anachambua mchele. Nikamweleza yote, mikeka, vibuyu, majani. Nilipomaliza akaweka ungo chini, akaingia chumbani kwako, akatoka analiburuta sanduku lako la bati. Akalifungua mbele yangu.

Mama, hukuwahi kuniambia. Maua ya plastiki mekundu na ya njano, yamefungwa mafungu mafungu kwa uzi. Sahani ngumu zenye waridi katikati. Kitambaa cha meza cha nailoni chenye lesi. Karatasi za kumetameta, bado ziko kwenye mifuko yake. Chupa ya chai ambayo haijawahi kutiwa chai. Mama mdogo akasema ulianza kununua pale ilipokuja ruksa ya biashara na wachuuzi wakaanza kupanda huku na mabaiskeli yao, mimi nikiwa bado natambaa. Msimu wa korosho ukifika unanunua kitu kimoja, unaficha. Kuna mwaka tulikula muhogo mkavu kutwa mara mbili, mimi nikidhani ni ukame. Kumbe ilikuwa ile chupa ya chai.

Nikauliza kwa nini, wakati wewe mwenyewe uliolewa kwa majani na ukafurahi. Mama mdogo alinitazama mpaka nikaona haya bila kujua ya nini. Ndipo akanieleza. Kwamba ulipoolewa wewe madukani hamkuwa na kitu, wala kipande cha kitambaa, wala sukari, na chai ya harusi ililetwa bila sukari wageni wakaitemea pembeni. Kwamba gauni liliazimwa kwa mke wa mwalimu na likarudishwa kesho yake. Kwamba kaka zenu walikata majani kwa sababu hakukuwa na kingine cha kuficha ukuta uliobomoka. Na wanawake wa upande wa baba, wale wa mjini Masasi, walipofika walisimama mlangoni na mmoja akauliza kwa sauti kama wamekuja harusini au wamekuja shambani. Ulisikia, umejifunika, huwezi kujibu.

Nikamwambia lakini mama alikuwa akicheka kila akisimulia.

"Ulikuwa mtoto," akasema. "Ulitaka alie mbele yako?"

Tangu hapo sijatulia. Hebu nieleze nifanye nini. Kilichokuaibisha wewe, mimi nakiringia. Kilichokunyima usingizi, Mama Rehema anataka kukipiga picha. Na haya uliyojinyima ili nipate, ndiyo yale yale nisiyotaka kuyaona, yaliyotoka tumboni mwa mbuzi wako. Nikiyatumia, nitakuwa nimekutii na roho yangu inakataa. Nisipoyatumia, nitakuwa nimesimama mlangoni pamoja na wale wanawake. Kuna siku nakukasirikia, samahani kwa kusema hivyo. Nakukasirikia kwa kicheko kile. Ungeniambia tu kwamba iliuma, mama. Ningeelewa. Au pengine nisingeelewa, sijui.

Mama mdogo akanipa sharti lake. Yeye ndiye atakayekaa mahali pako siku hiyo, hakuna mwingine, na akasema kama sanduku halitatumika, basi nitafute mtu mwingine wa kukaa. Mjomba alipofuatwa akasema hayo ni mambo ya wanawake, akaenda kuangalia mikorosho yake. Hamisi akasema tuchanganye, nusu plastiki nusu majani. Nilijaribu. Nilitandika mkeka wa ukindu uani, nikasimamisha vibuyu, nikachomeka maua yako mekundu. Mama, mimi ni mpambaji, na ilikuwa mbaya mno. Hata mama mdogo alipita akasonya, akasema toa hivyo vitu, unawadhalilisha wote wawili, maua na vibuyu. Tulicheka, mara ya kwanza tangu nifike. Kisha kila mmoja akakumbuka kwamba amekasirika.

Jambo moja tu tulikubaliana bila ugomvi, nalo ni vyombo. Akiwa anapiga hesabu ya madumu ya maji ya kuoshea zile sahani zako za waridi, yeye mwenyewe akasema hapana, watu wale kwenye majani, hatuwezi kumtuma binti wa mtu bondeni kwa ajili ya sahani. Nikanyamaza nisije nikaharibu.

Juzi nikamkuta amelikalia sanduku, anapumzika tu. Nikakaa chini karibu na miguu yake. Nikamwomba anisaidie, nikamwambia sitabisha tena, aniambie tu wewe ulitaka nini hasa.

"Dada hakuyachukia majani," akasema. "Alichukia kuambiwa hana."

Nililia hapo, mama, nililia vibaya, pale chini kwenye vumbi, na yeye hakuninyamazisha.

Basi tumeamua hivi, na bado sina hakika. Naolewa kwa majani. Sanduku lako litawekwa nje, mlangoni, limefunguliwa wazi, vitu vyote ndani yake kama ulivyovipanga. Hakuna ua litakalochomekwa popote. Watu wa Chiungutwa wakifika watapita mbele yake kwanza. Mama mdogo atakuwa amesimama hapo, na kabla hawajavua viatu atawaambia kwa mdomo wake kwamba haya ni ya mama wa bibi harusi, alimnunulia binti yake akiwa bado anatambaa, hakupungukiwa na kitu. Kwamba ndani mtakuta majani kwa sababu binti mwenyewe ameyataka. Amekuwa akifanya mazoezi ya maneno hayo akiwa jikoni, anayasema kwa ukali, utafikiri anawajibu wale wa zamani. Nadhani ndio anaowajibu.

Je, inatosha? Sijui. Ukiona nimekutukana, njoo hata kwenye ndoto unigombeze, nitakusikiliza safari hii. Ukiona ni sawa, pia njoo. Nitavaa gauni jipya, jeupe, la kwangu mwenyewe, hakuna atakayekuja kulidai kesho yake. Hilo nilijua ungelitaka bila kuuliza mtu.

Na ahadi yangu ni hii. Mwenyezi Mungu akinijalia binti, nitamweleza yaliyoniuma kwa maneno ya wazi, na nitamuuliza anataka nini kabla sijamnunulia hata kikombe.

Lala salama, mama. Mimi naenda bondeni na mama mdogo kuchagua majani.

Binti yako,
Asumini