Daktari Alimuuliza Nasimiyu

Jumatatu, 3 Machi
Nimekamua ng'ombe, nimepika uji. Mke wangu Nasimiyu amekataa kunywa. Ati majirani wameutia kitu. Wiki ya tatu sasa. Zahanati wametuandikia barua ya rufaa: kliniki ya akili, hospitali ya serikali, Kitale. Daktari huja Alhamisi pekee.

Alhamisi, 6 Machi
Tumefika Kitale mapema. Saa nane nesi akatuambia daktari hatakuja, turudi wiki ijayo. Nasimiyu alikuwa ameketi siku nzima bila kulalamika, mkoba mapajani. Nilikasirika. Halafu nikaona nafuu kidogo, kwamba bado hajaitwa mgonjwa wa akili. Naona aibu kuandika hivyo.

Jumanne, 11 Machi
Nimetoka shambani, hayupo. Nimemtafuta mpaka Chwele. Alikuwa sokoni, peku, amejificha nyuma ya magunia ya vitunguu. Kaka yake Wafula akaja na kamba kwenye pikipiki. Anataka tumfunge, tumpeleke kwa maombi.
"Shemeji, huyu hafungwi," nikamwambia.
Amesema nitajuta. Labda. Nimemwosha Nasimiyu miguu kwa maji ya moto. Imejaa malengelenge. Sijui kama keshokutwa atakubali kwenda.

Alhamisi, 13 Machi
Alikataa. Alishika mlango kwa mikono miwili. Sikumvuta. Niliketi chini nikamwambia ukweli: sijui nani anakutisha, lakini nimechoka kukuona ukiogopa. Akaachia mlango, akaenda kuvaa viatu.
Daktari alikuwepo. Mwanamke mfupi, sauti ya chini. Nilianza kueleza, akaniomba nisubiri. Akamuuliza yeye.
"Nasikia watu wakipanga kuniua," Nasimiyu akasema. "Hata nikiwa jikoni. Na huyu baba watoto wangu, naogopa watamuua pia."
Wiki zote hizi analala kando yangu. Hakuniambia. Nililia mbele yao. Nasimiyu ndiye aliyenipa leso.
Tumepewa vidonge, kimoja kila jioni.

Jumamosi, 29 Machi
Juzi tulirudi kliniki. Sauti bado zipo, amesema, ila zimeenda mbali. Daktari anasema itachukua muda.
Leo tumepanda mahindi. Yeye anadondosha mbegu, mimi nafukia. Alichoka mapema, akalala kivulini kando ya jikoni. Nimemaliza mistari iliyobaki polepole, nisimwamshe.