Mutu Aliyenunua Huruma

Bukavu, Kadutu

Maman mupendwa,

Nakusalimia wewe, Papa na wote wa Mudaka. Mugongo wako unaendelea namna gani? Mahindi yalipona na ile mvua ya mawe? Sisi huku tuko wazima, tunamushukuru Mungu. Barua hii ni ya kukushukuru wewe pia, hata kama ndani yake iko habari nzito.

Ulikuwa unajiuliza namna gani bwana wangu Anaclet alitajirika haraka vile. Siku moja mwanaume mwenye suti nyeupe aliingia kwenye depo yake ya simenti. Mvua ilikuwa inanyesha, barabara yote matope, lakini viatu vyake vilikuwa vikavu. Alimuambia Anaclet kwamba atamupa utajiri, naye atachukua kitu kimoja tu kisichofaa kitu katika biashara: huruma yake. Anaclet alicheka, akamupa mukono.

Tangu pale wateja walijaa. Akaanza kuchanganya simenti na majivu. Ukuta wa mutu ukianguka, anasema ni kosa la fundi. Tukahamia Nyalukemba, nyumba ya kutazama ziwa. Anaclet alimufukuza mujane Clémence, aliyekuwa mupangaji wetu, mvua ikimunyeshea. Gentil wetu alipougua malaria, baba yake alimuruka pale kwenye mukeka, akauliza nani anapiga kelele. Nilianza kumuogopa bwana wangu mwenyewe.

Sasa nikuambie jambo usilolijua. Siku ile ulipotuletea kapu la maharagi na sombe, yale majani ya muhogo, na sentinele anayelinda lango akakuambia hatuko, tulikuwa ndani. Anaclet ndiye aliyemutuma aseme vile, na mimi alinifungia chumbani. Yeye alisimama dirishani. Alikuona ukiteleza kwenye matope, ukiinuka, ukiokota maharagi yaliyomwagika na kurudi nayo kwenye lango. Akakusikia ukimuambia sentinele: "Mukwe wangu anachokaka sana na kazi. Umupatie hii chakula, asilale na njaa."

Alinifungulia mulango akiwa na kapu lako mikononi, akanieleza yote, akasema: "Mama amenihurumia mimi niliyemufungia lango, na mimi sina huruma ya kumurudishia." Kesho yake alimutafuta yule mwanaume wa suti nyeupe, akamuambia: "Chukua vyote. Unirudishie changu." Mwanaume alimuonya kwamba huruma ikirudi itamuumiza sana. Anaclet akajibu kwamba aumie tu.

Depo imekwenda, na nyumba pia. Leo tuko kwenye chumba kimoja, Anaclet anabeba matofali, na akitoka kazini anawajengea upya kuta watu aliowauzia majivu. Gentil amepona. Clémence alikataa kutusikia mara nyingi, lakini juzi alimukaribisha Anaclet akae, akamupa maji.

Jumamosi tutapanda kuja kwenu, apige magoti mbele yako. Najua ni haya mukwe kulia mbele ya mama mukwe. Lakini akianza, Maman, usimunyamazishe. Tulikaa sana bila kumusikia akilia.

Umusalimie Papa na shangazi Consolate. Mungu akulindie ile mikono yako.

Ni mimi mutoto wako,
Lydie