Spika ya Kushoto, Siku ya Gita

Jumatatu jioni, Desemba. Joto la kukaangia yai juu ya bati.

Niseme bila aibu: kuanzia Buguruni mpaka Posta hakuna fundi spika kama mimi. Nikishika waya, hata bubu anahutubia. Shule sikumaliza, lakini spika zinanielewa kuliko walimu walivyowahi kunielewa.

Sasa nieleze kwa nini leo nimefukuzwa hekaluni kama mwizi wa kuku.

Nina hasira mpaka kichwa kinagonga.

Kazi alinipa Mama Hansa, bibi wa Kihindi anayeuza vitenge Mchafukoge. Leo ni sikukuu ya Gita, kitabu chao kitakatifu. Wanakisoma chote kwa sauti, wazee kwa watoto, kwa kupokezana. Kamati ya hekalu walitaka fundi mwingine, mtu mwenye gari na vyeti. Mama Hansa akawaambia mbele yangu, "Huyu mwanangu. Mimi nasimama naye."

Basi tuanze na sakafu. Marumaru imebonyea, spika ya kushoto inayumba kama mlevi wa Ilala. Aliyejenga pale ndiye wa kufukuzwa! Nikamtuma Shabani, msaidizi wangu, akatafute kipande cha mbao. Akapotelea kwenye karanga na viazi. Maana leo wamefunga, hawali wali wala maharage, na mimi tumbo nililiandalia pilau. Hata hilo limeniuma.

Watu wanaingia. Mwenyekiti wa kamati ananibwatukia, "Kijana, bado tu?"

Nikaona kitabu kinene juu ya kigoda. Kikaingia chini ya spika kama kilipimwa. Spika ikatulia tuli.

Mama Hansa akaja kuchukua kitabu chake. Akatazama kigoda. Akatazama spika.

Hakupiga kelele. Angepiga, ningemjibu, mdomo ninao. Alipiga magoti na sari yake mpya, akausukuma mkono wangu nilipotaka kumsaidia, akakivuta mwenyewe, akakigusisha kwenye paji la uso. Kumbe kilikuwa cha marehemu mama yake.

Kelele alipiga mwenyekiti. "Mama Hansa, huyu ndiye mwanao? Toka nje, wewe!"

Mama akakikumbatia kitabu, akaenda kukaa.

Na Shabani, mdomo umejaa karanga, anacheka. Mshenzi yule, atanitambua.

Nikasimama barabarani kusikiliza. Naapa sauti ilitoka safi, kila neno. Mpaka ilipofika zamu ya Mama Hansa. Anasoma, anakwama, anaanza upya. Anakwama tena. Watakaosema kipaza sauti kilikuwa kibovu ni waongo. Kipaza sauti kilikuwa kizima kabisa.

Tangu nirudi chumbani nimekaa na simu naandika, najitetea humu. Sakafu. Shabani. Mwenyekiti na haraka zake. Halafu hakuna aliyeniambia kile ni kitabu gani. Hata mmoja!

Ila kilikuwa kimefungwa kwenye kitambaa chekundu.

Bibi yangu kule Lindi msahafu wake anaufunga kwenye kitambaa cha kijani, anauweka juu ya kabati, na asiye na udhu haugusi. Siku moja ulimponyoka, akaubusu huku analia. Nimekulia humo.

Kile chekundu nilikifungua kwa mikono yangu mwenyewe, kwa sababu spika ilikuwa inateleza juu yake.

Nilijua nimeshika nini.