Mayi imepanda polepole

Siku ya ine, magaribi. Mudzipela.

Hata samaki moja haikukufa leo. Ilifaa nifurahi.

Nilishuka ku bonde ya majiwe, chini ya baraji, ule ukuta wenye unazuiaka muto, kupima mayi kama kawaida. Kazi yangu ni kuangalia namna mayi yenye banafungulaka inaharibu muto. Papa Dieudonné, mwenye kuchunga milango ya baraji, anafungulaka yote mara moja. Mayi inakuya na nguvu, halafu akifunga, samaki zinabakia juu ya majiwe, zinakufa.

Tuligombana sana ku foni. "Papa, fungula polepole!" Yeye: "Weye kijana, utanifundisha mulango yangu?"

Bamilisia balikuya ku baraji, balimunyanganya foni yake. Tangu pale, ile mayi ya nguvu tu ndiyo inaniambiaka kama angali muzima. Bibi yangu na batoto bako mbali, Mahagi. Sina mutu mwingine wa kugombana naye.

Leo mayi ilipanda polepole, vile nilikuwa ninamulombaka.

Labda amenisikia. Lakini ule muzee, kunisikia mimi...

Kesho nitashuka tena. Mungu anisamehe, nitatafuta samaki zenye zimekufa.